Naomba ushauri: namba za wagonjwa kabla ya kuwasha mfumo mpya

Wakuu, hospitali kubwa hapa Tabora inahama kutoka mafaili ya karatasi kwenda mfumo wa kielektroniki. Swichi za mtandao, UPS (betri za akiba umeme ukikatika) na kompyuta zipo. Dawa zitahesabiwa rafu kwa rafu usiku wa kuamkia siku ya kuwasha, salio lisianze na makosa.

Hofu yangu ni mgonjwa mmoja kuwa na namba mbili, au wawili kuchangia moja. Huku mapacha, yaani Kulwa na Doto, ni wengi: tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja, simu ileile ya mama, na watoto wengi hawana namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Kundi la damu la Kulwa likisomwa kwa Doto, tunaweza kuua mtoto.

Mliopitia hili, mlihakiki kwa vigezo gani? Na umeme ukikatika, fomu za karatasi anaziingiza nani, ndani ya saa ngapi?