Mrejesho: mama na mrija wa nyongo uliokatwa
Assalaam alaykum. Niliwauliza kuhusu mama, hapa Ngamiani, Tanga: alitolewa kibofu cha nyongo kwa sababu ya mawe, kisha macho yakawa manjano, mkojo kama chai ya rangi, na homa. Tusubiri au tuondoke?

Tuliondoka, na Mungu awalipe mliosisitiza. Dar vipimo vilionyesha mrija mkuu wa nyongo, unaoitoa kwenye ini kwenda utumbo, ulikatwa katika upasuaji ule. Hawakukimbilia kuunga. Kwanza walimwekea mpira wa kutoa nyongo iliyomwagika tumboni (kijani iliyokolea, mfuko ulijaa upesi) na antibayotiki. Maambukizi yalipotulia, bingwa wa upasuaji wa ini aliunga mrija na utumbo mwembamba.

Nilimuuliza hili linazuiwaje. Akasema kabla ya kukata, mpasuaji asafishe eneo mpaka aone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kibofu: mrija wake na mshipa wake wa damu. Uvimbe ukimzuia kuona, aache sehemu ya kibofu bila kuikata, au aite mwenzake. Hilo la kuita mwenzake nalishika sana.

Mama anakula vizuri. Vipimo vya ini ataendelea navyo kwa miaka, maana palipoungwa panaweza kusinyaa. Homa ya kutetemeka au manjano yakirudi, tunakwenda siku hiyo hiyo.