Re: Notisi ya kuhama – ni halmashauri ipi inayotuhusu?

Kutoka: Mama wa watatu, kusini mwa England

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za majukumu.

Mwenye nyumba ametupa notisi ya kifungu cha 21 (ile ya kumtoa mpangaji bila kulazimika kutoa sababu), anataka kuuza. Tumebakiwa na kama wiki sita. Nilikwenda ofisi za kaunti kwa sababu ndiko anakotoka ofisa ustawi wa mwanangu wa pili, mwenye ulemavu. Wakaniambia nyumba si kazi yao. Nikaenda halmashauri ya wilaya, kijana wa mapokezi akaniambia nirudi siku madalali wa mahakama watakapokuja kututoa. Sitaji ofisi, nataka kuelewa tu. Hizi halmashauri mbili zinazungumza? Nani anawajibika? Mimi na baba watoto tuna ukaazi wa kudumu. Mtoto mkubwa ana miaka 17. Silali.

---

Kutoka: Kaka wa Manchester

Dada, pole sana. Najitolea kwenye meza ya ushauri wa makazi, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Jibu la haraka kwanza. Wajibu wa makazi ni wa halmashauri ya wilaya, na hukupaswa kuambiwa usubiri madalali. Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017, iliyoanza kutumika England tarehe 3 Aprili 2018, inasema anayeelekea kukosa makazi ndani ya siku 56 asaidiwe akiwa bado ndani ya nyumba yake. Mwenye notisi halali ya kifungu cha 21 inayoisha ndani ya siku hizo anahesabiwa hivyo moja kwa moja. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo umeshaingia. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri nao unasema si haki kumtaka mpangaji akae mpaka mahakama itoe hati ya kumtoa kwa nguvu. Anayekujibu vinginevyo pale mapokezi, mwombe aandike jibu lake kwenye karatasi yenye tarehe. Mara nyingi sana ombi hilo peke yake linamwita ofisa makazi kutoka ndani.

Ila usihame kwa hiari yako kabla hamjakaa nao na kukubaliana. Ukitoka mapema wanaweza kusema umejitakia kukosa makazi, na hapo wajibu wao unapungua sana.

Utakapopokelewa, lazima wakufanyie tathmini na wakupe mpango wa maandishi wa familia yenu: wao watafanya nini, ninyi mtafanya nini. Kama nyumba itapotea hata hivyo, kuna siku nyingine 56 za kusaidiwa kupata pa kuishi, na kwa sababu mna watoto mko kwenye kundi la kipaumbele, maana yake hamwezi kuachwa nje wakati huo. Kiwango cha ushahidi wa kupewa makazi ya muda ni kidogo: inatosha ofisa awe na sababu ya kuamini kwamba mnastahili. Asikwambie ulete kila karatasi kwanza ndipo akupe pa kulala watoto.

Sasa kuhusu hizo halmashauri mbili, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapopotea. Sehemu nyingi za England zina serikali za mitaa za ngazi mbili. Chukua Oxford: makazi yako mikononi mwa halmashauri ya jiji, lakini ustawi wa jamii, huduma za watoto na elimu ni vya kaunti ya Oxfordshire. London na hapa kwetu Manchester kazi zote ziko chini ya halmashauri moja, ingawa hata hapo ni idara mbili zenye mabosi wawili na bajeti mbili. Kwa hiyo yule wa kaunti aliyesema nyumba si kazi yake alisema nusu ya ukweli. Sheria ya Makazi ya 1996, ambayo ndiyo mama wa haya yote, inaitaka mamlaka ya ustawi wa jamii ishirikiane na wilaya inapoombwa, kadiri inavyowezekana. Tatizo ni neno hilo, inapoombwa. Ofisi hazisikilizani kwa sababu mteja ni mmoja. Zinasikilizana pale mmoja anapomwandikia mwenzake. Na kama hakuna aliyemwandikia mwenzake, unaanza wewe.

Andika baruapepe moja tu, iende kwa kitengo cha makazi cha wilaya, na ofisa ustawi wa mwanao umweke kwenye nakala. Sema tarehe notisi inapoisha, sema unaomba msaada wa kuzuia kupoteza makazi, eleza mahitaji ya mtoto (ngazi, bafu, umbali wa shule na hospitali), kisha umwombe ofisa ustawi athibitishe hayo kwa maandishi. Tathmini ya makazi lazima izingatie mahitaji ya kila aliye kwenye kaya, na barua ya kaunti ina uzito kuliko maelezo yako ya mdomo, hata kama yanasema jambo lile lile.

Jambo jingine ambalo sijaona likisemwa kwenye makundi yetu. Tangu Sheria ya Ukosefu wa Makazi ya 2002, kila halmashauri ya makazi inatakiwa kuchunguza hali ya eneo lake na kuchapisha mkakati, angalau kila baada ya miaka 5. Uko kwenye tovuti yao. Usome. Mle ndani utakuta wameandika wanashirikiana na nani na kwa makubaliano gani, na mara nyingi kuna utaratibu wa pamoja wa wilaya na kaunti kuhusu familia zenye watoto walemavu au vijana wa miaka 16 na 17. Ukiutaja utaratibu wao kwa jina lake, mazungumzo yanabadilika.

Kijana wako wa 17, maadamu yuko na ninyi, anahesabiwa ndani ya familia. Akiwa peke yake ingekuwa habari nyingine: mwaka 2009 majaji wa House of Lords (wakati huo ndiyo mahakama ya mwisho), kwenye kesi ya kijana dhidi ya halmashauri ya Southwark, waliamua kwamba mtoto wa miaka 16 au 17 asiye na makazi ni jukumu la huduma za watoto kwanza, wasimsukumie idara ya makazi na kunawa mikono. Nawaambia wazazi wengine hapa, maana ugomvi wa nyumbani na vijana upo.

Ushirikiano unawezekana pakiwa na nia. Huku Greater Manchester halmashauri 10 zinaendesha pamoja mpango wa A Bed Every Night tangu 2018, ili anayelala nje apate kitanda bila halmashauri kuulizana kwanza ni mtu wa nani. Na Machi 2020, korona ilipoingia, serikali iliziandikia halmashauri zote za England ziwatoe watu barabarani na kuwaweka ndani, na maelfu waliingia ndani kwa muda mfupi.

Kwa wengine: notisi za kifungu cha 21 zinafutwa kuanzia 1 Mei 2026 kwa Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025. Baada ya hapo mwenye nyumba anayetaka kuuza atalazimika kutoa sababu hiyo rasmi na notisi ya miezi 4.

---

Kutoka: Dada muuguzi, Birmingham

Naongezea upande wangu. Tangu Oktoba 2018 kuna ofisi za umma zinazolazimika kumpeleka mtu kwenye halmashauri zikiona amekosa au anakaribia kukosa makazi: magereza, ofisi za uangalizi wa wafungwa waliotoka, Jobcentre (ofisi za ajira na posho), ustawi wa jamii, hospitali kwa upande wa dharura na wagonjwa waliolazwa. Sharti ni mhusika akubali, na yeye ndiye anayechagua halmashauri ya kupelekwa. Mama, ina maana ofisa ustawi wa mwanao hakuwa na ruhusa ya kusema si kazi yake halafu basi. Mwambie: naomba unipeleke rasmi kwa kitengo cha makazi, nimekubali.

Na ndugu zangu, mgonjwa wenu akilazwa na hana pa kurudi, semeni mapema wodini. Msisubiri asubuhi ya kuruhusiwa. Nimeona wazee wakikaa kwenye kiti cha mapokezi na mfuko wa dawa kwa sababu ya aibu ya kusema.

---

Kutoka: Mzee wa Leeds

Wanangu, asanteni. Nataka kusemea wale ambao viza zao zimeandikwa hawana haki ya fedha za umma: viza za kazi, za masomo, nyingi za ndoa. Msaada wa makazi wa Sheria ya 1996 ni fedha za umma, kwa hiyo kuuomba kunaweza kuharibu viza. Msikurupuke kujaza fomu kwa sababu jirani mwenye ukaazi alijaza.

Lakini hamjafungiwa kila mlango. Ushauri wa makazi wa halmashauri ni bure kwa yeyote. Familia yenye mtoto mhitaji inaweza kwenda huduma za watoto chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, na mtu mzima mgonjwa au mlemavu chini ya Sheria ya Huduma ya 2014. Hizo hazihesabiwi kuwa fedha za umma. Wenye viza za familia wanaweza kuomba Home Office (wizara ya mambo ya ndani) waondoe sharti hilo la kutotumia fedha za umma. Na dada anayepigwa na mume mwenye uraia au ukaazi, naye yuko kwa viza ya ndoa, kuna ruhusa maalum ya miezi 3 yenye haki ya fedha za umma ili atoke salama. Asibaki pale kwa kuogopa karatasi. Mwoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini lolote.

Kwa waliopewa hifadhi: makazi mliyopangiwa mara ya mwisho na Home Office wakati wa kusubiri ndiyo yanayowapa uhusiano na eneo, yaani kigezo cha halmashauri ipi iwasaidie. Ukihamia kwa binamu mji mwingine na kuomba huko, huenda wakakurudisha.

Tena haya yote ni ya England. Scotland walifuta kabisa sharti la kipaumbele mwisho wa 2012, Wales wana sheria yao ya 2014, na Northern Ireland kazi hii haifanywi na halmashauri bali Housing Executive, shirika la umma la makazi.

---

Kutoka: Mama wa watatu

Mungu awabariki. Nimetuma baruapepe kama kaka alivyoelekeza, na kesho kutwa nina miadi ya tathmini. Ofisa ustawi amejibu atatupeleka rasmi. Ila kwenye simu wamenidokeza tunaweza kupelekwa mji mwingine kabisa. Naruhusiwa kukataa?

---

Kutoka: Dada wa Newham

Mwenzangu, usikatae kwa haraka. Ukikataa makazi yanayofaa, wajibu wao unaweza kuishia hapo. Ukishapewa makazi chini ya wajibu mkuu (ule unaofuata zile siku 56 za pili zikiisha hamjapata nyumba), kubali, ingia, na ndani ya siku 21 omba mapitio kwa maandishi kwamba hayafai. Sheria inaruhusu kufanya yote mawili.

Sababu ya kusukumwa mbali ni hesabu. Mwaka 2025 kaya zaidi ya 130,000 zilikuwa kwenye makazi ya muda England, na fedha ambazo serikali kuu inazirudishia halmashauri kwa makazi hayo bado zinapimwa kwa viwango vya kodi vya 2011. Kodi za leo unazijua. Wanatafuta palipo rahisi. Nawaelewa, lakini mzigo huo hauwezi kubebwa na mtoto mlemavu, na sheria iko upande wako: wanapaswa kuwaweka ndani ya eneo lao kadiri inavyowezekana. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya Westminster kwa mama wa watoto watano aliyepangiwa nyumba karibu na Milton Keynes, kwa sababu halmashauri haikuonyesha imefikiriaje shule na maisha ya watoto wale. Kwa hiyo mambo yale ya umbali wa shule na hospitali aliyotaja kaka, yarudie kwenye tathmini na uhakikishe yameandikwa. Hoteli ya kulala na kifungua kinywa isizidi wiki 6 kwa familia yenye watoto.

Wakikupeleka nje ya eneo lao, lazima waiarifu halmashauri ya huko ndani ya siku 14. Uliza kama wamefanya hivyo, maana barua hizo huchelewa na huko mtafika hamjulikani. Mpango wa elimu wa mwanao mwenye mahitaji maalum unatakiwa kuhamishiwa mamlaka mpya. Kaunti yako haitajua mmehama usipowaambia. Waandikie siku ile ile unayopewa anwani.