Taimingi belti ikikatika, valvu zimepona au zimepinda? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, tukusanye hapa yale tunayokutana nayo gereji. Naanza na dalili za kukatika kwa taimingi belti (mkanda unaounganisha krenki, mti unaozungushwa na pistoni, na kemshafti, mti unaofungua valvu): gari linazimika ghafla likiwa kwenye mwendo, ukipiga staa injini inazunguka haraka na kwa wepesi, bila ule mdundo wa kukaza na kuachia. Acha staa hapo hapo! Fungua kava la juu la belti uangalie kwa macho.

Spana14
Jua kwanza ni injini gani. Za Toyota 4A-FE, 5A-FE na 3S-FE hazigongi, yaani belti ikikatika pistoni haigusi valvu: funga belti mpya, panga alama za krenki na kemshafti, washa. 3S-FSE, ile ya D4 (petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), inagonga. Wengi huichanganya na 3S-FE kwa sababu ya jina. Dizeli kama 5L, 1KZ, 2KD, hesabu kwamba inagonga. Pistoni ya dizeli hupanda hadi karibu kabisa na hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu), valvu iliyobaki wazi haina pa kukimbilia.

Mzee wa Hedi
Kwa inayogonga, usizungushe kemshafti huku krenki iko kwenye alama. Irudishe krenki robo mzunguko. Kwenye silinda 4, pistoni zote zitakaa katikati. Peleka kemshafti kwenye alama yake, ndipo urejeshe krenki. Belti ikishakaa, zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko 2 kamili, maana kemshafti huzunguka 1 tu kwa hiyo 2. Ikikwama, usilazimishe.

Kisha jaza upepo wa kompresa silinda moja moja, pistoni ikiwa juu na valvu zake zimefunga. Upepo ukivuma kwenye njia ya hewa, valvu ya kuingiza imepinda. Ukitokea ekzosi, ni ya kutoa. Ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, hizo ni ringi za pistoni. Na jamani, valvu iliyopinda haiponi kwa dawa ya kusagia. Nunua mpya, ukague na kile kibomba inamopita, huwa kinapasuka.

Spana14
Naongezea chanzo. Mara nyingi belti huponzwa na jirani: tenshena (roli inayokaza belti) iliyokauka grisi, au oili sili (mpira wa kuzuia oili isitoke) inayovuja hadi mpira wa belti unalainika na meno kung'oka. Badilisha vyote kwa pamoja. Kwenye 3S hata pampu ya maji, kwani inazungushwa na belti hiyo hiyo.

Mleta mada
Wenye 2KD na 1KD: taa ya T-BELT kwenye dashibodi inahesabu kilomita tu, haijui belti ikoje. Kuizima si kubadilisha belti, kwa hiyo ukinunua gari lililotumika, fungua kava ujionee.