Usiku wa mchanganyiko kwenye televisheni ya uwanjani: nani anaukumbuka?

Binti Kikwajuni

Assalaamu alaykum wana jukwaa.

Nna suali, na nataka majibu ya waliokuwepo, si ya waliohadithiwa. Televisheni Zanzibar ilipoanza, 1973, mie nilikuwa skuli ya msingi. Kwetu Kikwajuni nyumba zenye televisheni zilikuwa za kuhesabu, na sie wengine tukenda uwanjani. Palikuwa na sanduku la mbao juu ya nguzo, milango miwili na kufuli. Mwenye ufunguo akitokezea baada ya Magharibi, makofi! Waliowahi wanakaa juu ya jamvi, waliochelewa wanasimama nyuma wakinyoosha shingo.

Ninachokumbuka zaidi ni zile burudani za usiku zilizokuwa na kila kitu ndani yake. Wanaanza Culture au Malindi, vikundi vyetu vya mjini, kwa taarabu, fidla zimejipanga, mpiga kanuni kainamia nyuzi zake. Wakitoka hao inaingia ngoma ya shamba. Halafu kichekesho, mume na mke wanagombana kwa sababu mmoja kakosa foleni ya sukari. Halafu mtoto wa skuli anasoma utenzi, anababaika, anaendelea. Na yote hayo kwa rangi! Dar es Salaam hawakuwa na televisheni ya aina yoyote mpaka 1994, na Afrika Kusini na utajiri wake wote imeanza 1976. Mama yangu hakuwa akisikiliza nyimbo hata kidogo, yeye akitazama nguo. "Doti ile madukani haipo. Kaipata wapi yule?"

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, usiku mmoja wimbo ulimpanda akainuka kwenda kutunza. Noti mkononi, anajitingisha taratibu, mpaka chini ya nguzo. Mwenye ufunguo akamwambia, "Bi, lete hapa, mie namjua, ntamfikishia." Akampa. Kama ilifika, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa, mbona siku hizi hakuna kitu kama kile? Chanali tele, na kila moja na lake: hii mpira, hii tamthilia za Kituruki, hii mawaidha. Wajukuu zangu wanakaa chumba kimoja na kila mtu kainamia simu yake. Mie msewe, ile ngoma ya Pemba, nimeujua kwa sababu nilikuwa nangojea taarabu. Mwenyewe nisingeutafuta asilani. Ni uzee wangu tu huu, au na nyie mnaona?

Mpemba wa Wete

Waalaykum salaam Bi. Ahsante kwa kuutaja msewe, lakini "ngoma ya shamba" hiyo tutakuja kuizungumza siku nyengine. Kwenu nyie Pemba nzima ni shamba.

Mie nilikuwapo, na nakubaliana na wewe nusu. Kwetu umeme ulikuwa wa jenereta. Waya wa baharini kutoka Tanga tumeupata 2010, nyie wenzetu wenu wa kutoka bara mmeupata tangu 1980. Kwa hivyo tukitazama roho juu. Kichekesho kinafika patamu, puu, giza. Mnabaki mnamalizia wenyewe kwa kubuni, na kulikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, miisho yake ilikuwa mizuri kuliko ya televisheni.

Ila kuna jambo nalikataa. Unasema kila mtu alitazama kila kitu. Sie tukiigeuza antena upande wa Mombasa tunapata Sauti ya Kenya, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, huyu anataka Unguja, huyu anataka Mombasa, na anayepanda juu ya paa kugeuza ni mimi mdogo wao. Hata wakati ule watu walikuwa wakichagua, walipopata cha kuchagua.

Na kibati, ngoma yetu khasa, kwenye televisheni hakijakaa hata siku moja. Kibati utamu wake ni maneno, watu wanajibizana papo kwa papo, mbio mbio, ukipepesa limekupita. Kamera yenyewe inawafuata wanaocheza miguu, na mwenye kusema yuko pembeni haonekani.

Mwanakwetu Makunduchi

Bi Kikwajuni mwenzangu, umesahau hotuba? Taarabu nyimbo mbili, hotuba saa nzima. Mie nilikuwa nasinzia mgongoni kwa dada yangu. Na sie wasichana wa shamba (ndiyo Mpemba, shamba, na mie nasema) ruhusa yetu ilikuwa mpaka Isha. Hicho kichekesho chako cha sukari nimekisikia asubuhi kisimani, anahadithia kaka yangu, na najua kaongeza chumvi. Nyie wa mjini mnakumbuka usiku mzima kwa sababu mlikuwa mkiachiwa usiku mzima.

Mzanzibari London

Nilifika huku 1975 kusomea unesi, kwa hivyo nimeziona televisheni zote mbili, ya kwetu na ya huku, na niseme kwamba hili halikutukuta sisi peke yetu. Marekani kulikuwa na kipindi cha Ed Sullivan, miaka 23 hewani, 1948 mpaka 1971. Tarehe 9 Februari 1964, usiku ule Beatles walipotokea kwake mara ya mwanzo, watu kiasi ya milioni 73 walitazama, na kwenye kipindi hicho hicho palikuwa na bwana anafanya kiinimacho cha karata. Msichana aliyekuwa akiwalilia Beatles ilimbidi amstahamilie na bwana wa karata. Hiyo ndiyo hoja yako, Bi. Carol Burnett naye aliendelea mpaka 1978, nyimbo, ngoma na vichekesho, na mwanzo wa kipindi anajibu masuali ya watu waliokaa ukumbini. Hapa Uingereza sie manesi tukigombania viti tuwaone wachekeshaji Morecambe na Wise, na baadaye The Muppet Show, ile ya vikaragosi, ikitengenezwa Elstree, si mbali na hapa.

Kilichoviondoa ni pesa, kwa kadiri ninavyoona. Bendi kamili, wachezaji, mafundi wa nguo, kila wiki vitu vipya: gharama. Halafu nyumba zikawa na televisheni ya pili, watoto wakenda kutazama yao chumbani. Na wenye matangazo ya biashara wakagundua kwamba anayeuza viatu vya vijana hana haja ya kumlipia bibi anayengojea mwimbaji wake. Wakawagawa watu mafungu. Kule Wete kwa Mpemba antena ilianza kugawa mapema tu.

Kijana Jang'ombe

Shikamoo wazee wangu. Bibi, kwa heshima zote, YouTube si ndiyo mchanganyiko wenyewe? Taarabu ipo, msewe upo, vichekesho ndiyo usiseme. Na watu bado wanatazama pamoja. Nenda Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, siku ya mechi, uone kama utapata pa kuweka kikombe cha kahawa.

Binti Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Jaws Corner naijua, ila nihesabie wanawake wangapi umewaona hapo siku ya mechi. Uwanjani kwetu tulikuwapo mama, shangazi, watoto wachanga, mpaka muuza njugu. Na hiyo YouTube mjukuu wangu kanifungulia, nikatazama taarabu moja, sasa inaniletea taarabu usiku na mchana. Utafikiri imeapa nisione kitu chengine.

Mwanakwetu, la hotuba ni kweli, na kuruhusiwa kweli, mie baba alikuwa baharia hayupo nyumbani. Bwana London, umenipa jibu, ingawa halinifurahishi.

Sasa jengine. Kaka yangu marehemu alirudi kutoka Maskati miaka ya themanini na deki, akawa anarikodi taarabu kwenye televisheni. Zipo kanda nane za VHS kwenye kasha la nguo. Moja nimeifungua, ndani ina kitu cheupe mfano wa vumbi. Niitie kwenye deki?

Fundi Mstaafu Chake

USIITIE! Hicho cheupe ni ukungu, kwa ajili ya unyevu wetu huu. Ukiitia, ukungu unahamia kwenye vichwa vya deki, na kila kanda utakayoitia baadaye inaambukizwa, na hiyo mbovu yenyewe inaweza kukatika. Usiianike juani vilevile, joto linaikunja. Zitoe zote kashani, za ukungu ziweke mbali na nzima, uzisimamishe kama vitabu kwenye chumba kikavu chenye hewa. Kila ganda lina skrubu tano kwa chini, fundi anaweza kufungua, akaifuta taratibu na kuizungusha kwa mkono kabla haijagusa mashine. Wakati wa kuicheza iwe mara moja tu, na deki iwe imeunganishwa na kompyuta ihifadhi hapo hapo.

Bi, ubavuni kaka yako kaandika nini? Tuanze na iliyoandikwa tarehe.

Binti Kikwajuni

Moja kaandika "Idd, usifute". Nyengine kaandika "Mpira", juu yake kakata, kaandika "Taarabu", akakata tena, kaandika "Mpira". Nakuletea zote, niambie tu siku gani uko nyumbani.