Mrejesho: dawa za presha za mama

Habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kumsaidia mama, hapa Arua, Uganda, anayepanga foleni nusu siku kila mwezi kwenye kituo cha afya cha serikali kwa dawa ile ile: amlodipine miligramu 5. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa aliyesema tuende siku ya kliniki ya presha, na mapema, siyo siku yoyote tu. Tulifika saa moja asubuhi na daftari lake. Kabla ya saa nne tulishamaliza! Daktari alimpima, akaona presha imetulia, akakubali kumwandikia dawa za miezi mitatu.

Kwenye dirisha la kuchukulia dawa mambo yakawa mengine. Dawa zilikuwa chache, tukapewa za mwezi mmoja. Lakini yule dada wa dawa aliandika daftarini kwamba mama bado anadai dawa za miezi miwili, kwa hiyo tukirudi tunaenda dirishani moja kwa moja, bila kumwona daktari tena. Hilo sikulitegemea.

Ushauri wa kupiga simu kwanza kuuliza kama dawa ipo ulishindikana. Nimepiga mara nne, haipokelewi.

Na aliyesema zikiisha ninunue duka la dawa kwa jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni: ni kweli, bei ni nafuu mno. Sasa nimeweka akiba ya vidonge vya wiki mbili nyumbani, mama asikae siku bila kumeza.