Naomba ushauri: petroli ya E10 na pikipiki ya zamani ya kabureta

Wakuu, habari za kazi. Pikipiki ni ya 125 cc, ya mwaka 1984, tangi la chuma, ipo Uingereza. Huko tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10.

Dalili: mpira wa mafuta umelainika na kuvimba, sindano ya floti (inayozuia mafuta bakuli likijaa) haifungi vizuri, na chini ya bakuli la kabureta kuna unga mweupe. Unga huo ni kutu ya alumini. Ethanoli hunyonya maji, na yakizidi hujitenga pamoja nayo na kuzama chini ya tangi, palepale koki inapovutia mafuta. Pia injini inapata moto sana na plagi imekuwa nyeupe. Ethanoli inahitaji hewa kidogo kuliko petroli, kwa hiyo mchanganyiko umekuwa mwepesi, yaani hewa nyingi na mafuta machache.

Yaliyokwishafanyika: mpira mpya wa daraja la SAE J30R9 (unaostahimili ethanoli), filta mpya, bakuli linamwagwa kabla ya kuegesha muda mrefu.

Ninachoomba:

Jeti kuu (tundu la kabureta linalopima mafuta; namba kubwa, mafuta mengi) ni namba 98. Nipande hadi 100, au nirudi tu kwenye petroli ya super, ambayo kwa kawaida ni E5 (ethanoli hadi asilimia 5), nisiguse jeti?

Na tangi lenye kutu ndani: kuna aliyepaka epoksi (utomvu unaoganda kuwa mgumu) ndani ikadumu bila kubanduka kwa ethanoli? Naogopa vipande kuziba jeti. Aliyefanya aeleze alivyosafisha kutu kwanza, na alisubiri siku ngapi kabla ya kujaza mafuta.