Mada: Share code imekataliwa kazini. Na swali la pili: mnafuata blogu gani?

Kutoka: Dada wa Leicester

Wakubwa shikamooni, wengine habari za siku.

Nimepata kazi mpya kwenye nyumba ya wazee, naanza Jumatatu. HR wao wanasema share code yangu, ule msimbo wa mtandaoni wa kumwonyesha mwajiri kwamba naruhusiwa kufanya kazi Uingereza, haifunguki. Nikatoa nyingine, hiyo nayo haifunguki. Nikabeba BRP, ile kadi ya ukazi, nikaenda mwenyewe. Binti wa mapokezi akaigeuza mbele nyuma, akasoma 31 Desemba 2024, akanirudishia kwa ncha za vidole. Pasipoti ndiyo kwanza nimebadilisha, ya zamani imetobolewa.

Yote niliyofanya nimeyafuata kwenye blogu moja ya Kiswahili ambayo nadhani nusu ya listi hii inaisoma. Wana posti ndefu ya mambo ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, hatua kwa hatua, na skrinshoti zake. Wanasema toa code yoyote, na mwajiri akisumbua mpe BRP.

Maswali ni mawili. Naweza kuanza kazi Jumatatu wakati akaunti yangu ya UKVI bado inaonyesha pasipoti ya zamani? Na je, kuna blogu yoyote ya watu wetu ambayo mtu akiifuata haimtupi shimoni? Nimechoka na voisi za WhatsApp za dakika nane.

---

Kutoka: Mzee wa Reading

Marahaba.

Code inaanza na herufi gani? Ya kazi ni W. Ya kupanga nyumba ni R. S ni ya mengineyo. Mwajiri ukimpa R, ukurasa wake hautafunguka hata akeshe. Na BRP kwa mambo ya kazi imekufa siku nyingi, waajiri hawaruhusiwi kuipokea tangu tarehe 6 Aprili 2022, hata ingekuwa haijaisha muda. Kwa hiyo huyo aliyekuandikia hatua kwa hatua ama aliandika kabla ya hapo, ama alinakili kwa aliyeandika kabla ya hapo. Posti ina tarehe?

---

Kutoka: Dada wa Leicester

Inaanza na R. Posti haina tarehe. Juu pameandikwa "Na Admin", basi. Chini kuna watu wengi wameuliza maswali kama langu na hakuna aliyejibiwa, isipokuwa mmoja aliyejibiwa na mganga wa mapenzi mwenye namba ya simu.

---

Kutoka: Kaka Milton Keynes

Kabla hatujafika mbali, dada wewe ni Skilled Worker, yaani una viza yako ya kazi, au dependant, mtegemezi wa mwenye viza? Kama ni Skilled Worker huhami hivi hivi, mwajiri mpya lazima akupe CoS, cheti cha udhamini, na uombe upya. Watu wanaparamia majibu humu bila kuuliza.

Kuhusu blogu. Mwezi wa tano kuna moja iliweka kichwa cha habari chekundu: SHERIA MPYA, ILR SASA MIAKA 10. Shemeji yangu alikuwa amebakiza miezi michache afikishe mitano aombe hiyo ILR, ukazi wa kudumu. Hakulala. Akamlipa wakili kwa saa moja ili aambiwe kwamba ile ni White Paper, yaani serikali imesema inachokusudia, na kanuni zenyewe siku ile zilikuwa hazijaguswa. Niliisoma posti yote. Neno "pendekezo" halimo hata mara moja. Mimi kipimo changu ni hicho: anayeandika anajua tofauti ya pendekezo na sheria? Kama hajui, picha zake za harusi nitaangalia, ushauri wake sichukui.

---

Kutoka: Dada wa Leicester

Ni dependant.

---

Kutoka: Mama Aberdeen

Poleni. Hiyo ya pasipoti isikufanyie mchezo mwanangu. Mimi nilibadilisha pasipoti nikasahau kuiunganisha na akaunti ya UKVI, nikaenda nyumbani kumzika baba yetu mdogo. Kurudi, pale Terminal 3 Dar, kijana wa kaunta anapitisha pasipoti mpya, mashine inamwambia hanioni. Nimevaa koti la Aberdeen, nina funguo za nyumba mkononi, nina kitambulisho cha kazi, hanioni. Anapiga simu, anakata, anapiga. Foleni nyuma inaguna. Ndege ikaondoka na begi langu la dagaa.

Hakuna blogu iliyoniambia kwamba pasipoti mpya ni lazima uiingize wewe mwenyewe kwenye akaunti. Zote zilikuwa zinaandika "eVisa ni rahisi, BRP kwaheri", yaani viza ya mtandaoni badala ya kadi. Rahisi kwa nani?

Na hiyo R ya nyumba Mzee wa Reading useme ni ya England. Huku Scotland mwenye nyumba hatuulizi hayo.

---

Kutoka: Mzee wa Reading

Aliyeuliza yuko Leicester. Leicester iko England tangu nizaliwe.

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Kibokoni (Cardiff)

Hebu tumjibuni mtoto kwanza. HR hawahitaji pasipoti yako, iwe mpya iwe kuukuu. Wanachotia ni code na tarehe ya kuzaliwa, kisha wanatazama ile picha kama ni wewe, wanaweka kopi, yamekwisha. Pasipoti ni mambo ya safari. Toa code ya W, wape. Wanaogopa kwa sababu faini ya kuajiri asiye na kibali imepanda tangu Februari 2024, hadi pauni 45,000 kwa mfanyakazi mmoja kwa kosa la kwanza. Wallahi hata mie ningeogopa.

Kuhusu blogu, kwetu Kenya kulikuwa na watu. Bankelele, yule wa mambo ya benki na hisa, namsoma miaka na miaka. Ukisoma posti yake ya mkutano wa wanahisa unajua mtu alikuwako ukumbini: chakula kilikuwa nini, nani alisimama kulalamika, mkurugenzi akajibu vipi. Hakuna kupiga kelele. Na Ory Okolloh, mwenye blogu ya Kenyan Pundit. Ile tovuti ya Ushahidi ya Januari 2008, ya kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ilizaliwa na wanablogu: yeye, Juliana Rotich, Erik Hersman wa White African, na David Kobia. Walikuwa washafuatana kwenye blogu zao, wanajuana kwa maandishi, siku nchi ilipowaka wakajua nani anaweza nini.

---

Kutoka: Kaka Milton Keynes

Bi Mkubwa, kama akaunti ina hitilafu HR watumie Employer Checking Service, ile huduma ya serikali ya kuwahakikia waajiri, watapewa barua ya miezi sita.

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Kibokoni (Cardiff)

Mwanangu, hiyo ni kwa mwenye ombi linalosubiri majibu na wengine wachache. Yeye hana ombi, ana viza hai. Umesoma wapi? Kwenye blogu?

---

Kutoka: Mzee wa Reading

Tukitaja blogu bila kumtaja Ankal Michuzi tutakuwa tumekosa adabu. Michuzi ndiye aliyeanzisha blogu za Kiswahili. Mpiga picha wa Daily News, akaanza akiwa Helsinki mwaka 2005, na sisi wabeba boksi, vibarua wa ughaibuni, tukapata mahali pa kuamkia. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye ghala. Saa kumi alfajiri kwenye mapumziko nafungua hiyo blogu yake, Globu ya Jamii: picha ya foleni Ubungo, picha ya harusi ya mtoto wa fulani, tangazo la msiba, na chini wadau wanatoleana maneno. Niliona msiba wa mwalimu wangu wa darasa la saba pale kabla ndugu zangu hawajanipigia.

---

Kutoka: Mwana wa Moshi (Minnesota)

Mzee kwa heshima zote, Michuzi hakuwa wa kwanza. Ndesanjo Macha alikuwa na Jikomboe kabla yake, na ni yeye aliyemshika mkono Michuzi huko huko Helsinki. Tofauti yao ndiyo inanipa jibu la swali la dada. Ndesanjo alikuwa anaandika: ana hoja, anakuchokoza, ukibisha anarudi kukujibu na anajibu hoja yako, hajibu jina lako. Michuzi alikuwa anaonyesha. Picha moja, mistari miwili, halafu kazi iliyobaki tunaifanya sisi wadau. Wote wawili nilikuwa nawafungua kila siku kwa sababu ulijua ni nani, yuko wapi, na kesho atakuwepo. Hawa wa leo wenye "Admin" ukimtafuta kumwambia umekosea, utampata wapi? Unakuta posti moja kwenye blogu tano, koma kwa koma, hata kosa la tahajia limesafiri salama.

Huku Marekani ni hayo hayo. Kila mwaka msimu wa Green Card Lottery, bahati nasibu ya ukazi wa Marekani, blogu zinafufuka na tovuti za "tukusaidie kujaza", watu wanalipa ada za ajabu kwa fomu ambayo mtu aliye nyumbani na simu anaweza kuijaza mwenyewe. Na aliyebandika hilo tangazo ni blogu ile ile inayokutangazia misiba, kwa hiyo unaiamini.

---

Kutoka: Mzee wa Reading

Nimesema aliyeanzisha, maana yake aliyezifanya ziwe zetu sote. Usinifundishe historia niliyoiishi.

---

Kutoka: Mtu wa Kariakoo (Oslo)

Blogu nzuri hazikufa zenyewe, ziliuawa. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018. Mtu anaandika mashairi au mapishi, anaambiwa aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zaidi ya shilingi milioni mbili, ukijumlisha ombi, leseni na ada ya mwaka. Nani angelipa hiyo kwa blogu isiyomwingizia kitu? JamiiForums wenyewe, lile jukwaa la mijadala, walilazimika kusitisha Juni mwaka ule. Na Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa ameshapandishwa kizimbani kwa kukataa kuwataja wachangiaji wake. Halafu mnashangaa waliobaki ni wabandikaji wa matangazo.

---

Kutoka: Kaka Milton Keynes

Ada ilikuwa kubwa, sawa, na baadaye walipunguza. Ila kusema kila mtu aandike anachotaka bila kujulikana ndiyo matokeo yake ni huyu Admin aliyemponza dada. Mnataka jina au hamtaki?

---

Kutoka: Mtu wa Kariakoo (Oslo)

Jina kwa msomaji na leseni kwa serikali ni vitu viwili. Usivichanganye makusudi.

---

Kutoka: Mama Aberdeen

Nyie, blogu nyingi zilikuwa zimeshanyamaza kabla ya 2018. Mie nilikuwa nazo kwenye Google Reader, zote kwenye orodha moja, natazama nani kaandika kipya. Ilipofungwa Julai 2013 nikapoteza nusu yake, sikukumbuka hata anwani. Halafu wenyewe wakahamia Instagram. Yule dada wa mapishi aliyekuwa anaeleza hadi nazi ikamuliwe mara ngapi na tui la kwanza utie lini, leo anaweka video ya sekunde thelathini, mkono tu unaonekana, muziki juu. Nitajuaje tui bubu?

Nimekumbuka samaki wa kupaka hadi basi.

---

Kutoka: Mwana wa Moshi (Minnesota)

Mama, na wewe umetukumbusha wengine kiburu na ndizi saa hizi. Huku nje barafu mlangoni.

---

Kutoka: Mzee wa Reading

Barafu mwezi wa sita?

---

Kutoka: Mwana wa Moshi (Minnesota)

Lugha ya picha, mzee.

---

Kutoka: Mtu wa Kariakoo (Oslo)

Haya yote yanatupata kwa sababu hatuna uraia pacha. Kenya wameruhusu kwenye katiba ya 2010, dada wa Kikenya anachukua pasipoti ya hapa na ya kwao haimtoki. Sisi tunaendelea kuhangaika na code miaka ishirini kwa kuogopa kuvua utanzania. Na msiniletee habari ya Hadhi Maalum ya wana diaspora, kura haina.

---

Kutoka: Kaka Milton Keynes

Umeanza. Mwenye uraia wa nchi mbili akivunja sheria...

---

Kutoka: Mlezi wa listi

Uraia pacha una mada yake na ina kurasa za kutosha. Atakayeuendeleza hapa nitamzuia hadi Ijumaa. Mganga wa mapenzi naye kumbe amejiandikisha humu, nimemtoa.

Nirudi kwenye swali la dada, maana naona tumesifu marehemu tu. Binafsi sifuati blogu moja kwa mambo ya viza. Ninachofanya, nikiona posti natafuta kama amebandika kiungo cha ukurasa wenyewe wa gov.uk. Kama kipo, nafungua hicho namwacha yeye. Kama hakipo, sisomi hata aya ya pili. Anayebaki kwenye orodha yangu ni yule ambaye akikosea huacha lile kosa limekatwa mstari na kuandika chini yake "nimerekebisha, tarehe fulani". Wapo wawili watatu, wote wanaandika Kiingereza. Kwa Kiswahili sijampata, na msiniambie nianzishe mimi.

---

Kutoka: Bi Mkubwa wa Kibokoni (Cardiff)

Basi si uanzishe wewe? Jioni zote uko humu kutufokea.

---

Kutoka: Mama Aberdeen

Dada wa Leicester, ulitoa ile ya W? Na pasipoti uliiingiza kwenye akaunti? Fanya sasa, usingoje mpaka ukate tiketi.

---

Kutoka: Mzee wa Reading

Nyie, aliyekuwa anakusanya oda za dagaa wa Mwanza ni nani? Nililipia kilo mbili tangu Pasaka.